Mbunifu wa Tarzan hakuwahi kuikanyaga Afrika

Wasomaji ambao umri umewasogea kidogo, kama ulivyonisogea mimi, bila shaka watazikumbuka zile sinema za bure zilizokuwa zikiletwa mashambani kwa gari. Gari lilifika alasiri likitangaza kwa kipaza sauti, na giza lilipoingia kitambaa cheupe kilifungwa kwenye milingoti ya goli katika uwanja wa shule. Wazee waliletewa viti, nasi watoto tukaketi chini kwenye nyasi, mbele kabisa. Kwanza tulionyeshwa matangazo ya sabuni na dawa ya meno. Halafu akaja Tarzan.

Sidhani kwamba kuna haja ya kumweleza mtu Tarzan ni nani. Ni yule Mzungu aliye karibu uchi, anayening'inia kwenye mimea ya msituni akipita kutoka mti hadi mti, anayewaita ndovu kwa ukemi na kuua mamba kwa kisu kimoja. Tulimshangilia hata sauti zikatukauka. Alipowapiga wale Waafrika waliopakwa chokaa usoni tulimshangilia zaidi, wala sikumbuki hata mtoto mmoja aliyeuliza mbona twamshangilia anayetupiga. Siku ya pili mchezo wetu ulikuwa ni huo huo. Mvulana mwenye nguvu kutushinda sote ndiye aliyekuwa Tarzan, kwa haki ya ngumi zake. Aliyemfuata alikuwa sokwe. Sisi wembamba tulikuwa watu wa msituni, ambao kazi yao ni kuanguka kutoka kwenye mpera. Mimi nilikufa kila jioni muda wa likizo nzima.

Siku hizo nilidhani kwamba Tarzan alizaliwa ndani ya sinema. Ilikuwa baadaye sana, nikiwa mtu mzima mwenye mshahara, nilipookota kitabu kisicho na jalada kwa muuza vitabu vikuukuu aliyekuwa ametandaza bidhaa zake kando ya barabara jijini Nairobi. Ndani nilikuta jina la Edgar Rice Burroughs. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizifuata nyayo za bwana huyu, na ningependa leo kuwasimulia habari zake, kwani maisha yake yana vituko kupita vile alivyovibuni.

Edgar Rice Burroughs alizaliwa katika mji wa Chicago, Marekani, tarehe 1 Septemba 1875. Baba yake, George Burroughs, alikuwa amepigana upande wa Kaskazini katika vita vya Wamarekani wao kwa wao, akapanda hadi cheo cha meja, kisha akawa mfanyabiashara mwenye kujiweza. Watoto wakubwa wa mzee huyo walisoma katika chuo kikuu cha Yale. Edgar, aliyekuwa mdogo wao, alikuwa wa namna nyingine. Ugonjwa wa homa ulipoenea Chicago mwaka 1891 alipelekwa kwa kaka zake waliokuwa wakifuga ng'ombe huko Idaho, na huko akajifunza kupanda farasi wakali na kukaa na watu wa kila sampuli. Ukimpa kijana wa miaka 15 maisha kama hayo, kumrudisha darasani ni kazi. Alitiwa katika shule moja ya fahari, hakudumu. Mwishowe akapelekwa shule ya kijeshi katika jimbo la Michigan, ambako angalau alimaliza.

Nia yake ilikuwa awe afisa wa jeshi. Mwaka 1895 alifanya mtihani wa kuingia West Point, akashindwa. Hakukata tamaa. Alijiandikisha kama askari wa kawaida katika kikosi cha saba cha wapanda farasi, akapelekwa Fort Grant katika jangwa la Arizona kuwawinda Waapache, ambao hakuwahi kuwapata. Madaktari wakasema moyo wake una kasoro, na mwaka 1897 akaachiliwa. Vita vya Marekani na Uhispania vilipozuka mwaka 1898 alimwandikia Theodore Roosevelt akiomba nafasi katika kikosi chake cha wapanda farasi, naye pia akamkataa. Huyu ni Roosevelt yule yule ambaye mwaka 1909, baada ya kumaliza muda wake wa urais, alishuka Mombasa na bunduki zake kuja kuwinda katika nchi hii. Naona ni ajabu kidogo. Roosevelt alikuja Afrika, akaona simba kwa macho yake, akaandika kitabu ambacho leo hakisomwi na watu wengi. Yule aliyemkataa hakuja kamwe, na Afrika yake ndiyo iliyoenea ulimwenguni.

KAZI BAADA YA KAZI

Mwaka 1900 Burroughs alimwoa Emma Hulbert, msichana wa Chicago ambaye alikuwa amemjua tangu utotoni. Kutoka hapo mpaka mwaka 1911 maisha yao yalikuwa ni kuhama na kuhamahama. Hebu nizitaje baadhi ya kazi alizozifanya. Alikuwa na duka la vitabu na vifaa vya kuandikia mjini Pocatello, Idaho. Alifanya kazi katika kampuni ya betri ya baba yake. Aliwafuata tena kaka zake Idaho kuchimba dhahabu mtoni, na biashara hiyo ikafilisika. Mwaka 1904 alikuwa askari wa reli katika Salt Lake City, kazi yake ikiwa kuwafukuza watu wanaodandia magarimoshi bila kulipa. Alirudi Chicago, akauza hiki na kile. Aliwahi hata kushirikiana na daktari mmoja kuuza dawa ambayo eti ingewaponya walevi, mpaka wakuu wa serikali walipoichunguza na biashara ikafungwa.

Mara moja tu alipata kazi nzuri. Kampuni kubwa ya Sears, Roebuck, iliyokuwa ikiuza bidhaa kwa barua nchi nzima, ilimfanya mkuu wa makarani wa kupiga taipu. Wakuu walimpenda na mshahara ulitosha. Lakini mwaka 1908 aliiacha kazi hiyo, kwa sababu alitaka awe na biashara yake mwenyewe, na mwaka ule ule mtoto wake wa kwanza, Joan, akazaliwa. Biashara ikaanguka. Mwaka 1909 akazaliwa Hulbert. Sasa kulikuwa na watoto wawili na hakuna kitu nyumbani. Burroughs aliweka rehani vito vya mkewe na saa yake mwenyewe ili wapate chakula.

Mimi niliwahi kukaa miezi saba bila kazi, nikiwa na mtoto mmoja wa kunyonya, na najua jinsi mwanamume anavyotembea mjini asubuhi akijifanya ana mahali pa kwenda. Kwa hiyo nilipofika kwenye ukurasa huu wa maisha yake, sikuweza tena kumchukia vizuri kama nilivyokuwa nimekusudia.

Mwaka 1911, akiwa na miaka 35, alikuwa ameajiri watu wachache wa kumwuzia vichongeo vya penseli kwa kamisheni. Vichongeo havikununuliwa. Vijana wake walitoka na kurudi mikono mitupu, naye alikaa katika ofisi ya kuazima akiwangoja. Katika shughuli zake alikuwa na kazi ya kukagua matangazo ya biashara yaliyochapishwa katika majarida ya hadithi, kuona kama yametokea mahali pake. Majarida haya yalichapwa kwa karatasi duni iliyotengenezwa kwa massa ya miti, karatasi ambayo hugeuka manjano na kuvunjika kama jani kavu, na yaliuzwa kwa senti chache. Ndani mlikuwa na mapenzi, vita, majambazi na mizuka, kila wiki au kila mwezi, kwa mamilioni ya wasomaji: makarani, wafanya kazi viwandani, watumishi wa nyumbani. Waandishi wake walilipwa kwa hesabu ya maneno.

Burroughs alimaliza kukagua matangazo, akaanza kusoma hadithi zenyewe. Akaona kwamba ikiwa watu wanalipwa kwa takataka kama hizi, basi hata yeye anaweza kuandika takataka za kiasi hicho, na pengine za kuchekesha zaidi. Hakuwa amesomea uandishi, wala hakumjua mwandishi wala mhariri hata mmoja. Mwezi wa Julai mwaka huo alichukua karatasi kuukuu za biashara zake zilizokufa, akazigeuza nyuma, akaanza kuandika.

Hadithi yake ya kwanza ilimhusu askari wa Marekani aliyejikuta katika sayari ya Mars akipigana kwa upanga kwa ajili ya binti mfalme. Aliona haya. Mtu mzima, baba wa watoto, anaandika mambo ya Mars! Hakuwaambia rafiki zake, na alitia sahihi kwa jina la bandia, Normal Bean, maana yake kwa Kiingereza cha mtaani ni mtu mwenye akili timamu, ili msomaji asimdhanie kichaa. Thomas Metcalf, mhariri wa jarida la All-Story la New York, alimlipa dola 400. Hadithi ilitoka kwa mfululizo kuanzia Februari 1912. Walakini mpiga chapa alidhani Normal ni kosa, akarekebisha ikawa Norman, na kinga yote ya yule maskini ikapotea kwa herufi moja!

MTOTO WA SOKWE

Tarehe 1 Desemba 1911 alianza hadithi nyingine, na kuimaliza Mei 1912. Kwa habari za Afrika alikuwa na kitabu cha Stanley kuhusu safari zake za kati ya bara letu, na kamusi ya bei rahisi. Hicho ndicho alichokuwa nacho. Metcalf alimlipa dola 700, na Tarzan akatokea katika All-Story ya Oktoba 1912, hadithi nzima katika toleo moja.

Wale wanaomjua Tarzan wa sinema tu watashangaa wakimsoma yule wa kitabuni. John Clayton, Mwingereza wa ukoo wa kikabaila, anatumwa na serikali yake kuchunguza mateso ya Waafrika katika pwani ya magharibi ya bara letu. Mabaharia wanaasi, wanamtupa ufuoni pamoja na mkewe mjamzito. Mtoto anazaliwa, mama anafariki, baba anauawa na sokwe dume, na sokwe jike aitwaye Kala, aliyefiwa na mwanawe siku hizo hizo, anamchukua yule mtoto na kumwacha wake aliyekufa katika kitanda kile. Mtoto anakua. Siku moja anaigundua nyumba ya wazazi wake, imejaa vumbi na mifupa, na ndani mna vitabu vya picha vya kuwafundisha watoto alfabeti. Anaziona herufi kuwa wadudu wadogo weusi, na miaka baada ya miaka, peke yake, bila mwalimu, anajifunza kuzisoma. Anajua kusoma Kiingereza kabla hajasikia neno lake hata moja; na lugha ya kwanza ya binadamu anayoisema ni Kifaransa, kwa kuwa mtu wa kwanza kumfundisha kuongea alikuwa Mfaransa.

Sehemu hii ya wale wadudu weusi ndiyo iliyonikamata mimi. Mtu yeyote aliyejifunza kusoma katika nyumba isiyokuwa na kitabu kingine ila kimoja ataielewa. Yule bubu wa sinema anayekoroma maneno mawili matatu ni wa Hollywood. Burroughs mwenyewe hakumpenda. Hata yule sokwe mdogo wa kuchekesha, Cheeta, hayumo vitabuni.

Lakini kitabu hicho kina upande wake wa pili. Karibu na sokwe hao anafika mtemi Mbonga na watu wake. Wametoka Kongo, wakikimbia ukatili wa maofisa wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliokuwa wakiwadai mpira na pembe. Burroughs ameyaandika haya waziwazi, na ni haki tumsifu kwa hilo, maana mambo ya Leopold yalikuwa ya kweli na watu wetu waliangamia. Basi wakimbizi hawa wanajenga kijiji kipya, wakitumaini kupumzika. Mwana wa Mbonga anamwua Kala kwa mshale wa sumu. Tarzan analipiza kisasi, na hapo ungedhani yamekwisha. Hayaishi. Anaendelea kuwaotea watu wa kijiji hicho, kuwanyonga kwa kitanzi kutoka juu ya miti, kuwaibia mishale na kuwachezea kwa hofu, na mwandishi anatutaka tucheke. Watu waliomkimbia Leopold wamekimbilia mikononi mwa Tarzan! Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikaukumbuka ule mpera.

Nimewasikia wengine wakisema kwamba hayo yalikuwa mambo ya wakati wake tu. Nusu ni kweli. Lakini Burroughs mwenyewe aliamini kwamba ubora wa mtu hurithiwa katika damu; ndiyo maana mwana wa kabaila, hata akilelewa na sokwe, anakuwa muungwana bila kufundishwa. Aliunga mkono fikira za kuwazuia watu fulani wasizae, na mwaka 1928, alipoandika magazetini juu ya kesi moja ya mauaji iliyosikizwa Los Angeles, hakuzificha. Wala hakuwa na ubaguzi wa upande mmoja tu, kwani katika vitabu vyake Wazungu wengi ni waovu na waoga, na mabaharia na mabepari wanachekwa vikali. Ila wao waovu wao wana majina na sababu. Waafrika wengi wa vitabu hivyo hawana lolote ila mikuki.

Tena kuna makosa ya kuchekesha. Katika hadithi ile ya kwanza ya jaridani alimtia chui mkubwa mwenye milia, yule wa Bara Hindi, ndani ya msitu wa Afrika! Wasomaji walimwandikia mhariri wakilalamika, na kitabu kilipotoka mnyama yule, Sabor, alikuwa amegeuzwa simba jike. Baadaye Burroughs alimpa Tarzan kabila la wapiganaji hodari walio rafiki zake, akaliita Waziri, na mtemi wao naye anaitwa Waziri. Mswahili akisoma ataona baraza zima la serikali limeshika mikuki. Hawa Waziri humwita Tarzan Bwana, na hilo angalau ni neno tunalolijua.

Huenda msomaji hajui pia kwamba Tarzan alikuwa mlowezi wa kwetu. Katika vitabu vya baadaye ana shamba katika Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya hii. Vita Kuu ya kwanza inapozuka, askari wa Kijerumani wanavuka kutoka upande wa Tanganyika, wanalichoma shamba lake na kuwaua Waziri, naye anawafuata kisasi kwa ukatili mkubwa. Burroughs aliandika haya damu ya vita ikiwa bado moto. Mwaka 1925 habari za kitabu hicho zilifika Ujerumani, ambako Tarzan alikuwa akipendwa sana, na magazeti ya huko yakawaka hasira. Mauzo ya vitabu vyake yote nchini humo yakaporomoka. Wajerumani waliuawa katika kitabu kimoja, wakakasirika, wakasikizwa. Sisi tuliuawa katika vitabu 24.

FEDHA NA SHAMBA

Turudi kwa mtu wetu. Februari 1913 baba yake alifariki, na mwezi huo huo mtoto wa tatu, John Coleman, akazaliwa. Ndipo Burroughs alipoamua kuacha kazi nyingine zote na kula kwa kalamu. Metcalf aliikataa hadithi ya pili ya Tarzan. Burroughs akaipeleka kwa jarida jingine, likampa dola 1,000. Wachapishaji wa vitabu hawakutaka kumwona. Kampuni baada ya kampuni ilimrudishia Tarzan wake, mpaka gazeti moja la jioni la New York lilipomchapisha kwa mfululizo na watu wakamgombania. Kampuni ya A. C. McClurg ya Chicago, ambayo nayo ilikuwa imemkataa, ilikubali, na kitabu kikatoka Juni 1914.

Baada ya hapo fedha ziliingia kama mvua ya masika. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 1918, Tarzan akiwa Elmo Lincoln, mtu mnene wa kifua, na Afrika yao ikiwa ni vinamasi vya Louisiana. Mwaka 1919 Burroughs alihamia California, akanunua shamba la ekari zaidi ya 500 karibu na Los Angeles, akaliita Tarzana. Alifuga nguruwe, mbuzi na farasi, akapata hasara katika kila mmoja, maana mkosi wake wa biashara haukumwacha. Hatimaye alikata sehemu za shamba hilo akaziuza viwanja, na mji uliojengwa hapo unaitwa Tarzana hadi leo. Ni watu wachache duniani wanaokaa katika mji uliopewa jina la mtu asiyewahi kuwako.

Jambo moja alilifanya kwa akili nyingi. Mwaka 1923 alijifanya kampuni, Edgar Rice Burroughs, Incorporated, akawa mfanyakazi anayelipwa mshahara na jina lake mwenyewe. Alilisajili jina la Tarzan kama alama ya biashara, akauza haki za sinema, za redio, za michoro ya magazetini iliyoanza Januari 1929, za mikate na vitu vya kuchezea watoto. Waandishi wengi wa majarida yale walikufa maskini, hadithi zao zikiwa mali ya wengine. Yeye alikuwa amejifunza kwa njaa. Kuanzia mwaka 1931 alichapisha hata vitabu vyake mwenyewe.

Mwaka 1932 ndipo ilipotoka sinema ya Johnny Weissmuller, mwogeleaji aliyekuwa amenyakua medali tano za dhahabu katika michezo ya Olimpiki. Huyu ndiye Tarzan wa uwanja wetu wa shule. Weissmuller hakutoka California, na ndovu wake walikuwa wa Bara Hindi waliobandikwa masikio makubwa ya bandia. Lakini ile Afrika inayoonekana nyuma yake, mito na wanyama na watu, ni ya kweli kabisa. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilikuwa imewatuma watu huku Afrika Mashariki kupiga filamu iitwayo Trader Horn, wakazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Picha walizobaki nazo ndizo walizozitia katika Tarzan. Katika Trader Horn aliigiza Mwafrika aitwaye Mutia Omoolu, waliyemchukua huku huku kwetu, naye akacheza vizuri kuwashinda baadhi ya Wazungu. Na lile jabali refu la kubuniwa ambalo wasafiri hulipanda katika sinema za Tarzan kabla ya kumfikia liliitwa Mutia, kwa jina lake. Tulilitazama jabali hilo tangu utotoni na hatukujua kwamba limebeba jina la mtu wa huku.

UZEENI

Nyumbani kwa Burroughs mambo hayakuwa mazuri. Emma, aliyevumilia siku za rehani, hakuyavumilia vizuri ya utajiri. Alizidi kunywa pombe, na mumewe naye macho yake yakaenda kwingine. Walitalikiana mwaka 1934 baada ya ndoa ya miaka 34. Mwaka uliofuata, akikaribia miaka 60, alimwoa Florence Gilbert, mwigizaji wa zamani aliyekuwa mke wa mshirika wake katika biashara ya filamu. Watoto wake wakubwa waliumia. Ndoa hiyo nayo ilivunjika mwaka 1942. Emma alifariki mwaka 1944. Mimi sina neno la kumtetea hapa.

Wakati huo alikuwa Hawaii. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941 alikuwa akicheza tenisi na mwanawe Hulbert aliposikia mizinga kutoka Pearl Harbor. Mwanzoni walidhani ni mazoezi. Yule kijana aliyekataliwa na West Point, na jeshi la farasi, na Roosevelt, sasa akiwa mzee wa miaka 66, aliomba kibali cha kuwa mwandishi wa habari za vita, na safari hii alikubaliwa. Alizunguka visiwa vya Pasifiki pamoja na askari waliokuwa wamemsoma wakiwa watoto, mmoja wa waandishi wazee kupita wote waliokuwa huko.

Alirudi California akiwa mgonjwa wa moyo na wa mtetemeko wa viungo. Alikuwa ameandika vitabu 70 hivi, na vimeendelea kusomwa. Mwaka 1961 maktaba moja ya California iliviondoa vitabu vyake kwa uvumi kwamba Tarzan na Jane wanakaa pamoja bila ndoa, ilhali ndoa yao imo katika kitabu cha pili, kwa mtu yeyote mwenye subira ya kusoma! Na kulikuwa na msichana mmoja wa Kiingereza, Jane Goodall, aliyemsoma Tarzan akiwa na miaka kumi, akamwonea wivu yule Jane mwingine, akaapa kuja Afrika. Alifika Kenya mwaka 1957, akakutana na Louis Leakey mjini Nairobi, na mwaka 1960 akaenda Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuwatazama sokwe wa kweli. Aliwatumikia hadi alipofariki mwaka 2025. Sijui niiweke wapi habari hii katika mizani yangu, lakini siwezi kuificha.

Burroughs alifariki nyumbani kwake Encino tarehe 19 Machi 1950. Ilikuwa Jumapili asubuhi, naye alikuwa kitandani akisoma kurasa za michoro katika gazeti. Majivu yake yalizikwa chini ya mti mbele ya ofisi yake huko Tarzana.

Yule mvulana aliyekuwa Tarzan wetu nilikutana naye miaka michache iliyopita katika mazishi kijijini, mzee mwenye fimbo na magoti mabovu. Tulikaa kivulini nikamsimulia haya yote. Alicheka sana aliposikia habari za vichongeo vya penseli. Kisha akanyamaza, akaniuliza kama bado nina kovu pale kwenye kiwiko nilipoangukia. Nilikunja mkono wa shati nikamwonyesha.